Mkono Uliozika Trufo

Fossano, 3 Oktoba 2011

Fiorenzo mwanangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Mimi nyonga imeunga, lakini imeunga inavyotaka yenyewe, na daktari anasema nishukuru. Nashukuru. Natembea na kile kigari cha kuegemea mpaka ukutani mwa bustani, nakaa kwenye benchi, narudi. Hiyo ndiyo safari yangu tangu wanilete hapa kwa masista mwezi Machi.

Simu usinipigie. Sista Ausilia ananiwekea sikioni, nasikia mvumo tu, najibu ndiyo, ndiyo, kisha nakaa wiki nzima najiuliza nimekubali nini. Andika.

Sasa jambo lenyewe. Unajua nina sehemu zangu za trufo, uyoga ule wa chini ya udongo unaouzwa kama dhahabu. Unajua pia kwamba hujui hata moja, na hukuuliza mara ya pili kwa sababu mara ya kwanza nilikujibu vibaya. Huku kwetu mtu hazisemi sehemu zake mpaka yuko kitandani anakata roho. Mimi sitaki kushindana na roho. Ninazo kumi na tatu, na nimeamua kukupa zote kwa barua, moja baada ya nyingine. Sharti langu ni hili: nikikupa sehemu, nenda na mbwa wetu Birba, na trufo ya kwanza itakayotoka hapo niletee niione. Nikishaiona nakupa inayofuata. Nataka kujua kwamba nimemwachia mwindaji.

Jirani yetu Onorina akija sokoni huku hunipitia. Ananiambia kila Jumamosi na Jumapili unaongoza wageni wenye mabuti mapya, wanamfuata Birba wakipiga picha. Sikukatazi, mtu lazima ale. Lakini siku unamchukua mbwa huyu nilikuambia neno moja: mkono wako usimzikie trufo ili aje aichimbue. Naamini unakumbuka.

Baba yako,
Severino


Bricco dei Merli, 9 Oktoba 2011

Baba mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa nimesimama. Sikuitegemea. Nimekaa katika nyumba hii miaka arobaini na tisa nikidhani utaondoka nazo. Asante, Baba. Niko tayari.

Leo nilikuwa na wageni kumi na mmoja, wengine wa Milano, wengine Waholanzi. Mama mmoja alikuja na viatu vyeupe. Akaniuliza, "Bwana Fiorenzo, mbwa wako hakosi hata siku moja?" Nikamwambia, "Akikosa, mama, analala na njaa, na mimi pia." Wakacheka wote. Birba alipata nne, wakapiga makofi kila mara, na Mholanzi mmoja akapiga magoti tope lote lile akamkumbatia. Saa sita walikuwa wameondoka. Uani pamebaki alama za matairi.

Kuhusu kuzika, ondoa wasiwasi. Nakumbuka.

Nilitaka kuja kukuona, ila unajua Oktoba na Novemba ndio msimu. Mambo yakipungua nitafika.

Mwanao,
Fiorenzo


Fossano, 14 Oktoba 2011

Fiorenzo,

Ukishaisoma hii, ichome jikoni. Usiitupe, Onorina ana macho.

Shuka nyuma ya kikanisa cha Mtakatifu Roko mpaka kwenye mfereji mkavu. Uvuke. Utaona mti wa tilio umeinamia barabarani. Nenda upande wake usiopata jua, hatua kumi na moja kutoka kwenye shina. Nenda Oktoba baada ya mvua, si kabla. Mwaka 1986 nilitoa hapo moja iliyojaa kiganja, nikaificha ndani ya soksi, hata mama yako hakuiona mpaka Jumatatu.

Hapa mambo ni yale yale. Chakula cha mchana wanatoa saa tano na nusu, ikifika saa sita siku imekwisha. Mwenzangu wa chumbani, mzee Drocco, kila asubuhi ananiuliza naitwa nani. Kila asubuhi nampa jina jipya. Jana nilikuwa askofu. Ndiyo burudani niliyonayo.

Nasubiri trufo.

Severino


Bricco dei Merli, 25 Oktoba 2011

Baba,

Hii sitaituma. Naiandika ili niyaone mambo yakiwa yamekaa kwenye karatasi.

Nimekwenda kwenye tilio lako mara nne. Birba alipita chini yake bila hata kuinamisha pua. Alizunguka, akarudi, akaanza kunusa nyayo zangu mwenyewe.

Nimezika, Baba. Huu ni msimu wa nne. Kila siku ya wageni nadamka alfajiri, nachukua vitrufo vinne vitano nilivyonunua kwa mchuuzi, navifukia kando ya njia, kisha saa tatu naja na watu na Birba anavichimbua. Watu wametoka mbali kuona mbwa akichimba, siwezi kuwatembeza msitu mtupu nikawaaga. Mwanzoni alikuwa anatafuta trufo kweli. Sasa anachotafuta ni mkono wangu. Juzi nilifukia glavu yangu tupu kwenye vichaka vya mihazeli, bila trufo, nikamwachia. Alikwenda moja kwa moja, akaitoa, akaniletea, akaketi kusubiri biskuti. Lakini trufo ya msituni, ambayo mtu hajaigusa, anaikanyaga na kupita.

Nimemharibu. Mbwa wa vizazi saba, mama yake alizaliwa jikoni kwetu chini ya jiko.

Nikikuambia, sehemu zote kumi na mbili zilizobaki utaondoka nazo, na utakuwa na haki. Nami nitazeeka nikizika asubuhi na kuzikua mchana.

Na jambo linalonitia aibu kuliko yote ni kwamba aliponiletea ile glavu nilifurahi. Tangu Mama afe na wewe uende huko, hakuna anayenitafuta mimi. Simu ikilia ni mtu anauliza kama kuna nafasi Jumamosi. Huyu mbwa ananitafuta mpaka chini ya udongo.

F.


Bricco dei Merli, 26 Oktoba 2011

Baba mpendwa,

Onorina atakupa kichupa. Ndani ya karatasi ni trufo ya kwanza ya tilio lako. Ilitoka Jumatatu. Birba alichimba, nikamzuia kwa mkono wa kushoto, nikamalizia na kijembe kama ulivyonifundisha. Si kubwa, lakini ni ya kwako.

Samahani kwa ufupi, kesho nina kundi kubwa.

Fiorenzo


Fossano, 29 Oktoba 2011

Mwanangu,

Imefika. Kifuniko kilipofunguliwa tu chumba kizima kilijaa. Drocco aliamka usingizini akauliza, "Nani anapika?" Sista Ausilia alinikaangia mayai mawili, nikaikwangua yote juu yake, nikala polepole, na wenzangu wa meza ya pili wakageuza viti. Muda mrefu sijala namna ile.

Umetimiza sharti. Sehemu ya pili ni hii. Fuata kijito cha Riavolo kupanda juu mpaka kwenye mipopla mitatu, miti mirefu iliyosimama pamoja, wa nne ulianguka. Ni kati ya wa kwanza na wa pili, karibu na maji. Hapo trufo huja kwa kuchelewa, Novemba.

Ningependa kumwona Birba. Masista wanaruhusu mbwa bustanini. Benchi langu liko ukutani, nyuma yake pana ua wa vichaka vya laureli, hapapigi upepo. Si lazima ukae sana.

Severino


Bricco dei Merli, 8 Novemba 2011

Baba,

Nimefurahi ulivyoifurahia. Kweli ilinukia namna hiyo?

Mipopla nimeiona. Birba ametoa mbili pale, ndogo. Nitakuletea mwenyewe mkononi, usimsumbue Onorina. Ila si wiki hii, wala si ijayo. Wageni wameshaandikishwa mpaka mwisho wa mwezi. Birba mzima, ila amechoka kidogo, ni heri apumzike kuliko kusafiri kwenye gari.

Ukitaka soksi za sufu niambie.

Fiorenzo


Fossano, 21 Novemba 2011

Fiorenzo,

Jana hukumaliza dakika ishirini. Ukungu uliwazuia wageni wako, ukaja, na nilikuona ukishuka kwenye gari kabla wewe hujaniona. Nilifurahi sana. Nakuandikia hili kwanza kwa sababu yanayofuata si mazuri.

Birba alinilamba mkono. Kisha akakuacha, akaniacha, akaingia chini ya laureli na kuchimba, akatoka na kile kitu mdomoni kimelainika kama sabuni iliyosahauliwa majini. Wewe ukakitazama. Mimi nikatazama ukuta. Sista Ausilia akasema, "Jamani, mbwa mwerevu huyu, kumbe bustani yetu ina trufo!" akaenda kuwaita wa jikoni. Ukachukua kofia yako. Ukasema ukungu utazidi barabarani. Na ile trufo ya mipopla uliyosema utaniletea mkononi, hukuitaja, nami sikuiulizia.

Kwa kuwa midomo ilitushinda, nimechukua kalamu.

Kile alichokitoa Birba ni trufo yako ya kichupa, na ni mimi niliyeizika pale. Sikula mayai yoyote. Nilipoifungua nilijua kwa macho kwamba haikutoka kwenye tilio. Ya tilio huwa nyeupe. Uliyonitumia ilikuwa ya kahawia, ya mwaloni, na mtu alikuwa ameipiga brashi kama wanavyofanya wachuuzi. Nikajua umenidanganya.

Kisha nikaiweka puani. Sikusikia kitu. Nikaiweka tena. Fiorenzo, tangu ile homa ya Februari, kabla sijaanguka, pua yangu imekufa. Kahawa, sabuni, mkojo wa Drocco, vyote kwangu ni hewa. Sijamwambia daktari wala mtu yeyote. Ndiyo maana nikakuandikia maneno mengi ya harufu, ili usinishtukie. Na sikukugombeza kwa uongo wako kwa sababu baada ya uongo ule kulikuwa na barua nyingine. Tangu Machi mpaka Oktoba uliniandikia kadi moja, ya Pasaka.

Kinachonisumbua ni Birba. Mbwa wa trufo akiingia mahali pageni anazunguka, anapima, anarudi. Huyu alikwenda kama aliyeitwa kwa jina. Nijibu bila kupindapinda. Ulizika?

Severino


Bricco dei Merli, 27 Novemba 2011

Baba,

Ndiyo. Nilizika, misimu minne. Nimekuwekea humu ndani barua niliyoiandika Oktoba na kuificha kwenye droo ya vijiko. Kila kitu kimo, sitakirudia.

Mipopla ndiyo kabisa, sikupata kitu. Nilikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi, Birba amelala juu ya koti langu.

Kuhusu pua yako. Ile trufo niliichagua kwa sababu ilikuwa imekufa, mchuuzi alikuwa anaitupa. Haikuwa na harufu hata kidogo, mwenye pua nzima asingesikia kitu. Uliponiandikia kwamba chumba kizima kilijaa, nilijua kuna jambo, nikakaa kimya kwa sababu kimya kilinifaa. Hilo naliomba radhi kuliko uongo wenyewe.

Ila na mimi nina neno, na nitalisema mara hii tu. Nilizika kwa sababu sikuwa na pengine pa kuwapeleka. Nilikuwa nalala chumba kinachopakana na chako. Tangu nina miaka sita nasikia mlango, nasikia ukimwambia mbwa "twende" kwa sauti ya chini ili nisiamke. Nilikuwa macho. Nilikuwa nimeshavaa soksi, Baba, chini ya blanketi, kila siku ya msimu, endapo utafungua mlango wangu. Ulimchukua mbwa.

Kaa na sehemu zako. Sizistahili, na mbwa wa kuzitafuta sina. Wageni wa Desemba nimewapigia simu, nimewaambia ukweli kwamba tunaweza kutembea kwa muda wa saa tatu na kurudi mikono mitupu. Saba wamejitoa. Wawili wamesema watakuja tu, wanapenda mbwa.

Fiorenzo


Fossano, 1 Desemba 2011

Mwanangu,

Hayo ya soksi sikuyajua. Nimeisoma barua yako jana na leo, na Sista Ausilia ameniuliza kama nimepata habari ya msiba.

Ni kweli, nilimchukua mbwa. Sina la kujitetea, ila nitakuambia nilichoogopa. Babu yako alikuwa na sehemu ishirini. Alipokuwa kitandani alitutajia, mimi na amu zako, moja moja, na sisi tumemzunguka kama makinda. Alipomaliza ya ishirini tulimbusu tukatoka. Alikufa kesho yake, saa nne asubuhi, na chumbani alikuwepo paka. Sisi wote wanne tulikuwa msituni tunahakiki kama alisema kweli.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nikajiambia mtu akishasema, hana tena anachosubiriwa. Nikashika hilo mpaka nikakufungia mlango ukiwa mtoto, kumbe ulikuwa hutaki sehemu, ulikuwa unataka kwenda.

Barua zangu za Oktoba nazo zilikuwa ujanja ule ule. Nilihesabu: sehemu kumi na tatu, majibu kumi na tatu.

Sasa sikiliza. Kwa barua sikupi tena. Zimebaki kumi na moja. Nitakupa moja kila Jumapili utakayokuja, kwa mdomo, hapa benchini. Usipokuja hupati. Ukija ukakaa dakika ishirini hupati pia.

Njoo na Birba. Acha kuzika msimu huu na ujao wote, hata mfupa. Nyuma ya chumba cha kufulia pana safu ya mipopla. Atatembea na mimi na kigari changu, wewe ukae mbali, ndani ya gari, asikunuse. Mbwa wa babu yako aliwahi kuharibiwa hivyo hivyo na mjomba mmoja mpumbavu, akarudi sawa baada ya mwaka. Mwingine hakurudi. Sikuahidi.

Umenilaumu sawasawa. Lakini njoo.

Baba


Bricco dei Merli, 5 Desemba 2011

Baba,

Wageni wa Jumapili nimewafuta wote, wale wawili wapenda mbwa nimewahamishia Jumamosi. Tutakuja tarehe 11.

Nimekaa na kalenda jikoni. Sehemu kumi na moja, Jumapili kumi na moja, nikiweka na Krismasi na Mwaka Mpya. Ya mwisho inaangukia tarehe 19 Februari. Nimeitazama hiyo pembe ya kalenda kwa muda na sikuipenda. Baada ya hapo inakuwaje?

Fiorenzo


Fossano, 8 Desemba 2011

Fiorenzo,

Baada ya hapo nitabuni. Nitakutajia vijito visivyokuwepo na mialoni ambayo hakuna aliyeipanda, na wewe utaniuliza ni hatua ngapi kutoka barabarani, na mimi nitakujibu.

Fikeni saa nne. Chakula ni saa tano na nusu, nimewaambia waweke sahani mbili.

Baba yako